Mnyaa, manjano na ngozi iliyochomwa na jua

Mzee mmoja mkulima, mwenye ualbino, alikuja kliniki yetu ya ngozi na kidonda juu ya sikio. Alikuwa amekipaka maziwa ya mnyaa kwa wiki kadhaa. "Kilikauka kabisa dokta, gamba likadondoka lenyewe," akaniambia. Ni kweli, gamba lilidondoka. Chini yake saratani ilikuwa inaendelea kuchimba.

Sikumkemea. Mnyaa, ule wa vijiti vya kijani tunaozungushia maboma, utomvu wake unachoma, na kinachochoma hivyo mtu hudhani kitauchoma na ugonjwa. Huko Australia watu walikuwa na wazo kama hilo. Walipaka madoa ya jua utomvu wa Euphorbia peplus, gugu dogo la ukoo mmoja na mnyaa wetu, mpaka wanasayansi wakachuja humo kiambato kiitwacho ingenoli mebuteti. Mwaka 2012 jeli yake, Picato, iliidhinishwa Marekani na Ulaya kutibu magamba ya jua yanayoweza kugeuka saratani. Ilipakwa siku 2 au 3 tu. Januari 2020 Ulaya ikaisimamisha. Katika jaribio la miaka 3, waliopata saratani ya ngozi walikuwa 3.3% kati ya waliotumia jeli hiyo, na 0.4% kati ya waliotumia dawa nyingine, imikwimodi. Hiyo ni jeli iliyopimwa kwa mizani. Matone yanayodondoka kijitini nani ameyapima?

Mimea ya jamii hii ina kemikali zinazoziamsha seli zilizokwisha kuharibika ziongezeke. Tangu miaka ya 1940, mtafiti akitaka kuchochea uvimbe kwenye ngozi ya panya, hutumia mafuta ya mbegu za Croton tiglium, mti wa familia hiyohiyo. Kwa hiyo nikisikia "ni mti shamba, hauna madhara", huwa nawakumbuka wale panya.

Ila panya hao wametuonyesha na upande wa pili. Mionzi ya jua ikiingia ngozini huzalisha chembe kali za oksijeni zinazoharibu mafuta, protini na DNA ya seli. Mimea mingi ina viambato vinavyozituliza chembe hizo. Miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, waliwanywesha panya wasio na manyoya chai ya kijani huku wakiwapiga mionzi. Wakapata uvimbe mchache kuliko wenzao waliokunywa maji.

Sasa mtu akisoma hayo anapaka majani ya chai usoni. Lakini acha chai ya kijani kikombeni, rudi jioni uione ilivyogeuka kahawia: viambato vile vimeshaungana na hewa. Manjano nayo, ambayo maabara inayasifu sana, muulize aliyewahi kumwagia mchuzi kanga yake. Doa halitoki kwa sabuni, lakini ukiianika juani siku mbili tatu linafifia. Jua limeyamaliza manjano. Singo na liwa ni urembo wetu na sina ugomvi navyo. Mpake bibi harusi anukie. Shambani saa sita mchana, vaa kofia pana na mikono mirefu, na upake losheni iliyopimwa kiwango cha kukinga mionzi. Kwa watu wenye ualbino ipo Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao. Na kidonda kisichopona mwezi mzima, au gamba linalodondoka na kurudi palepale, kikatwe kipande kipelekwe maabara kabla hakijapakwa chochote.

Mzee wetu alifanyiwa upasuaji, akapoteza ncha ya sikio. Siku ya kutoa nyuzi aliniuliza kama aende akaung'oe ule uzio wote. Nikamwambia auache, zizi linahitaji boma. Akiupogoa tu, afunike mikono na asimame upande upepo unakotoka, maana maziwa yale yakiruka jichoni yanaweza kupofusha.