Filamu huru ya bajeti ndogo ni nini? Tuangalie Hong Kong

Filamu huru ni ile inayotengenezwa nje ya kampuni kubwa za sinema, kwa fedha alizohangaika kuzitafuta mwongozaji na wenzake. Mara nyingi bajeti yake ni ndogo, ila unafuu wa gharama peke yake hauifanyi filamu kuwa huru. Kampuni kubwa nayo hutoa filamu za bei rahisi, na bado ndiyo inayoamua nani aigize na hadithi iishie wapi. Kwenye filamu huru, maamuzi hayo ni ya mwongozaji.

Wengi wetu tuliijua sinema ya Hong Kong kwenye mabanda ya video, kupitia kung fu ya kampuni kubwa za Shaw Brothers na Golden Harvest. Baadaye, miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wasambazaji wa Taiwan na Asia ya Kusini-Mashariki walilipia filamu za Kikantoni, lugha ya Hong Kong, hata kabla hazijapigwa, kwa kutazama jina la nyota tu. Hadithi isiyo na nyota ilikosa mnunuzi, ikakosa na fedha. Ndiyo maana jambazi wa skrini alikuwa mtanashati mwenye suti na bastola mbili.

Mwongozaji Fruit Chan aliuacha mkondo huo alipotengeneza Made in Hong Kong, iliyotoka 1997, mwaka ambao Uingereza iliirudisha Hong Kong kwa China. Bajeti ilikuwa kama dola 500,000 za Hong Kong. Enzi hizo picha zilipigwa kwenye mkanda wa milimita 35, na mkanda ulikula fedha nyingi. Chan akatumia masalio, yaani vipande vya mkanda usiotumika vilivyobaki kwenye filamu za wengine. Ukiwa na mkanda wa kuokoteza huwezi kurudia onyesho moja mara kumi. Kinachopatikana ndicho hicho. Vijana wanaoongoza hadithi walikuwa wageni kwenye uigizaji. Sam Lee, mhusika mkuu, alionekana mtaani akicheza na ubao wa magurudumu. Wala uhuru huo haukumaanisha kukataa msaada: Andy Lau, mmoja wa nyota wakubwa wa jiji, aliiunga mkono kama mtayarishaji.

Kwangu mimi, nguvu ya filamu hii iko katika upande wa jiji inaouonyesha. Moon, anayeigizwa na Sam Lee, ameacha shule na anakusanya madeni kwa niaba ya bosi wa genge. Hana suti wala gari. Kazi yake ni kupanda kwenye maghorofa ya nyumba za serikali, kupita korido nyembamba za milango ya chuma, na kumdai mama ambaye binti yake, Ping, anaumwa figo na anahitaji kupandikizwa nyingine. Anayedai na anayedaiwa wote ni maskini. Rafiki yake Moon, Sylvester, kijana mwenye ulemavu wa akili, anaokota barua mbili zenye damu za msichana aliyejirusha kutoka juu ya jengo, na barua hizo zinawafuata vijana hawa hadi mwisho. Mwekezaji aliyetaka nyota asingeilipia hadithi ya namna hii.

Mwaka 1998 ilishinda tuzo ya filamu bora katika Hong Kong Film Awards. Mwaka 2017 ilikarabatiwa kwa ubora wa 4K, yaani picha kali sana, na nakala hiyo ndiyo ya kutafuta ukitaka kuitazama.