Kwa nini timu ya mpira wa kikapu iliitwa "Malkia Warukao"?

Ukisikia jina Flying Queens, yaani Malkia Warukao, utadhani ni wasichana waliokuwa wakiruka juu kuliko wenzao chini ya kikapu. Kumbe walikuwa wakipanda ndege.

Walitoka Plainview, mji mdogo wa wakulima kaskazini-magharibi mwa Texas, Marekani, kwenye chuo cha Kibaptisti cha Wayland ambacho siku hizi ni chuo kikuu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 timu yao ilidhaminiwa na kinu cha unga cha hapo mjini, Harvest Queen, ikaitwa Harvest Queens. Umalkia, basi, ulitoka kwenye unga. Kisha akaja Claude Hutcherson, mfanyabiashara aliyekuwa na kampuni ya ndege. Akachukua udhamini, na timu ikawa Hutcherson Flying Queens.

Ndege zake zilikuwa Beechcraft Bonanza, videge vya injini moja vyenye mkia wa umbo la V. Kimoja hakitoshi timu nzima, kwa hiyo walijigawa wachache wachache na kuondoka kwa msafara wa angani. Wapinzani wazuri walikuwa mbali, kama wale wa Nashville Business College kule Tennessee, na kwa basi ungefika umechoka kabla ya filimbi. Hata kocha wao Harley Redin, aliyeanza kazi 1955, alikuwa rubani wa kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Lakini ndege haifungi vikapu. Wayland iliwapa wasichana ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo takriban miaka 20 kabla ya sheria ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali ya Marekani. Kwa msichana wa shamba aliyejua kulenga, hapo palikuwa pa kukimbilia. Wachezaji wa Harlem Globetrotters, timu maarufu ya maonyesho ya mpira wa kikapu, nao waliwafundisha manjonjo ya mpira, wakawa wanayaonyesha wakati wa kupasha misuli.

Mchezo wenyewe ulikuwa tofauti na wa leo. Aliyecheza mpira wa pete shuleni ataelewa haraka: kila upande wachezaji sita, watatu wa kushambulia na watatu wa kulinda, na hakuna kuvuka mstari wa katikati. Kudunda mpira ni mara mbili tu, kisha utoe pasi. Iliaminika kwamba mwanamke hawezi kukimbia uwanja mzima! Redin alikuwa miongoni mwa waliopigania sheria hizo zibadilishwe.

Kati ya 1953 na 1958 Flying Queens walishinda mechi 131 mfululizo, na kutwaa mara nne ubingwa wa taifa wa AAU, chama cha michezo ya ridhaa cha Marekani, kuanzia 1954 hadi 1957. Waliokata mnyororo huo ni Nashville haohao, Machi 1958, kwa pointi 46 kwa 42.

Mbona basi wengi huitaja timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, iliyoshinda mechi 111 mfululizo hadi 2017, kuwa ndiyo yenye rekodi? Kwa sababu NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, inahesabu michezo yake yenyewe, na mashindano yake ya wanawake yalianza 1982. Jumba la heshima la mpira wa kikapu la Naismith liliwaingiza Flying Queens mwaka 2019. Redin alikuwa bado hai. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 100.