Koma na posho ya semina: tunayodanganyana kuhusu Kiingereza cha kuandika

Mtu akiniletea barua yake ya maombi ya kazi niipitie, husema hivi: "Sarufi iko sawa, niwekee tu koma." Kana kwamba koma ni chumvi, unainyunyiza chakula kikishaiva. Nimepitia barua za namna hiyo kwa miaka, za wapwa, za majirani, za watu niliokutana nao kwenye foleni ya steshenari, na mara nyingi kinachomwangusha mwandishi ni jambo aliloambiwa darasa la sita akalishika kama msahafu.

Dhana: koma huwekwa pale unapovuta pumzi

Kwa kweli mwalimu wako hakulitunga hili. Yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria, alibuni nukta za kumwonyesha msomaji wa Kigiriki mahali pa kutua anaposoma kwa sauti. Mwalimu alikuwa sahihi, ila amechelewa miaka elfu mbili na ushei. Koma ya Kiingereza cha leo hufuata muundo wa sentensi, hata kama pumzi imekukatika.

Soma hii: "The teachers who attended the seminar were paid." Walimu waliohudhuria semina walilipwa, ambao hawakwenda hawamo. Sasa weka koma mbili: "The teachers, who attended the seminar, were paid." Hapo walimu wote tunaowazungumzia walihudhuria na wote wakalipwa. Kwa Kiswahili tunaweza kusema "walimu waliohudhuria semina walilipwa" kwa maana zote mbili na tukaelewana kwa muktadha, ndiyo maana wengi wetu hatuoni tofauti. Mhasibu anayegawa posho ataiona mara moja. Halafu kuna anayeweka koma moja tu, baada ya "seminar", kwa kuwa kiima kimekuwa kirefu na amechoka. Huyo amekitenganisha kiima na kitenzi chake, na hapo hakuna maana yoyote inayomtetea.

Kosa lingine la pumzi linatoka moja kwa moja kwenye lugha yetu. Tunaandika: "Nilipokea barua yako, nikafurahi sana, nikaamua kukuandikia." Ile -ka- ni uzi, inashona vitendo, na koma inapumzika tu juu ya mshono. Kiingereza hakina uzi huo. Ukiandika "I received your letter, I was very happy, I decided to write to you", umeiachia koma peke yake mzigo isioweza kuubeba. Weka nukta, au "and", au nukta-mkato (;) ukiwa na uhakika nayo. Nikipewa ukurasa mmoja na dakika tano, hili ndilo ninalolitafuta kwanza.

Dhana: hizo ni alama ndogo, msomaji ataelewa tu

Waulize madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst, jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo iliwanyima malipo ya saa za ziada watu wa kazi kadhaa za vyakula, na orodha ikaishia na maneno "packing for shipment or distribution", bila koma baada ya "shipment". Je, kusambaza ni kazi inayojitegemea, au sheria inasema tu kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza? Madereva walisambaza, hawakufungasha. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliona maneno hayo yana utata, ikawapa madereva ushindi. Mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5.

Dhana: programu itasahihisha kila kitu

Kikaguzi cha tahajia kinaangalia kama neno lipo, hakijui unamwandikia nani. "Dear Hiring Manger" kinaweza kuipitisha bila mstari mwekundu, kwa sababu "manger" ni neno halali la Kiingereza. Maana yake ni hori la kulishia ng'ombe.

Programu za sarufi zimeendelea kuliko hapo, nami nazitumia. Lakini hazimjui Neema. Nimewahi kushika barua ya kumpendekeza Neema fulani kwa masomo, aya ya kwanza "she", ya tatu "he", kwa kuwa "yeye" wetu hana jinsia na mwandishi alikuwa anafikiri kwa Kiswahili. Programu ilinyamaza, kila sentensi peke yake ilikuwa safi.

Na hizi za akili unde? Hapo hatari ni nyingine: zinasahihisha kupita kiasi. Binamu yangu aliandika kwamba alikuwa akihesabu magunia ghalani. Baada ya "kusafishwa", ikasomeka kwamba "spearheaded", yaani aliongoza, sijui mfumo gani. Kwenye usaili akaulizwa aueleze mfumo huo. Akaeleza magunia.

Dhana: tafuta Mzungu akusomee

Mwenye lugha ana sikio zuri, hilo silipingi. Atakwambia "hapa panasikika vibaya", ila mara nyingi hawezi kukwambia kwa nini. Na alama za uandishi hakuna aliyezaliwa nazo. Waingereza wenyewe wana jina la utani la ritifaa (') iliyochomekwa kwenye wingi, kama "apple's" kwenye kibao cha bei: huiita ritifaa ya muuza mboga. Nasi tunayo mitaani kwetu, "Passport Photo's".

Anayeweza kukusaidia zaidi kwenye hili ni mtu anayejua Kiswahili pia, maana ataona kosa linakotoka. Kwetu ritifaa ni sehemu ya sauti. Iondoe kwenye ng'ombe na umemharibu ng'ombe. Kwa Kiingereza inaonyesha umiliki, kama "Neema's letter", au herufi zilizodondoshwa. Ndiyo maana "it's" ni "it is" au "it has", na "its" ni -ake ya kitu. Ukishindwa, lifungue neno: kama "it is" haikai, toa ritifaa. Vivyo hivyo makosa kama "equipments", "informations" na "furnitures" ni watoto wa vifaa, taarifa na samani. Na "Although I was sick, but I went" ni "ingawa nilikuwa mgonjwa, lakini nilikwenda" iliyovaa suti. Kiingereza kinataka kimoja tu kati ya viunganishi hivyo viwili.

Dhana: usianze sentensi na "And", usimalize na kihusishi

Anza. Maliza. Waandishi wazuri wa Kiingereza wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Katika andiko rasmi la mradi punguza, basi.

Dhana: Kiingereza sahihi ni kimoja

Shuleni tulifuata cha Uingereza; kompyuta nyingi huja zimewekwa cha Marekani, ndipo "colour" inapigiwa mstari mwekundu na wewe unaanza kujitilia shaka. Mmarekani huweka nukta baada ya "Mr.", Mwingereza kwa kawaida haweki. Chagua kimoja kulingana na unayemwandikia, kisha ubaki nacho hadi mwisho wa waraka.

Dhana: kusaidiwa ni kumpa mtu faili akurudishie limenyooka

Vyuo vingi vya Marekani vina vituo vya uandishi, na mwanafunzi mgeni akienda huko mara nyingi hutoka amekasirika: kwa kawaida hawakusahihishii. Wanakaa nawe, wanauliza ulitaka kusema nini, kalamu unashika wewe. Nimeiga. Siku hizi mtu akiniletea barua namwambia anieleze kwanza inakwenda kwa nani na ni sentensi gani mbili zinazomtia wasiwasi. Napigia mstari mahali penye kosa bila kuandika jibu, tena kosa la aina moja kwa siku. Kisha namwomba aisome kwa sauti. Kwenye koma pumzi haimsaidii, lakini ulimi hujikwaa kila palipokosekana neno, hasa "the" na "a", ambazo Kiswahili hakina na macho yetu huziruka.

Wengine hawarudi tena. Yule wa barua ya Neema alirudi, na safari hii swali lake lilikuwa moja: "Hapa koma nimeweka mbili. Je, walimu wote wamelipwa?"