Tope halitui: dhana potofu kuhusu mitambo ya zamani ya majitaka kandokando ya Ziwa Victoria

Maji ya kunywa ya Mwanza yanavutwa ziwani, Capripoint na Butimba. Tope linalotoroka kwenye mtambo wa majitaka linaishia kwenye ziwa hilohilo, likiwa limebeba fosforasi inayolisha magugu maji na mayai ya minyoo yanayorudi kwa watoto wetu. Ndiyo maana inauma kuona fedha za ukarabati zikimwagwa kwenye zege kabla ya mtu yeyote kupima chochote.

"Tangi ni dogo, tujenge jingine."

Huenda ni kweli, lakini piga hesabu kwanza. Tangi ninalolisema ni la kutuamisha tope. Gawa mtiririko wa siku kwa eneo la uso wake. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 20 lina uso wa mita za mraba 314. Likipokea mita za ujazo 6,000 kwa siku, maji yanapanda mita 19 kwa siku, sawa na sentimita 80 kwa saa. Kwa tangi linalofuata bwawa la kupulizia hewa, wastani wa mita 16 hadi 28 kwa siku ni wa kawaida. Kwa hiyo tangi hilo halijazidiwa. Masika yakiingia na mtiririko ukaruka hadi 15,000, kasi inafika mita 2 kwa saa na tope linavuka ukingo. Hapo mgonjwa si tangi. Kuna mtu amefungua mfuniko wa chemba ili uwanja wake ukauke, na mwingine ameunganisha mfereji wa paa na bomba la majitaka. Mji uliojengwa kwenye vilima vya mawe huteremsha mvua kwa kasi, tena na mchanga wake. Kuziba njia hizo ni nafuu kuliko tangi jipya.

Kuchimba kina zaidi nako hakuongezi sana chembe zinazotua moja moja. Allen Hazen alilieleza hili tangu 1904: kinachoamua ni eneo la uso. Kina kina faida yake pale tope linapohitaji nafasi ya kujikusanya chini.

"Ukingo umepinda kidogo tu, hauna shida."

Hapa ndipo mitambo mingi ya zamani inapovuja tope, na ndipo ukarabati ulipo rahisi kuliko kokote. Tangi likizama upande mmoja kwa miaka mingi, ukingo wa meno ya V, ambao maji hupitia yakitoka, nao unalala. Maji yanayopita kwenye jino hayaongezeki sawasawa na kina chake. Yanaongezeka kwa kipeo cha 2.5. Jino la nyuzi 90 lenye maji ya milimita 30 linapitisha karibu lita 0.2 kwa sekunde. La upande wa pili, lenye milimita 50, linapitisha karibu lita 0.8. Milimita 20 tu, na upande mmoja unabeba karibu mara nne ya mwenzake! Maji yote yanakimbilia huko na kunyanyua tope, huku nusu nyingine ya tangi ikilala bure.

Fundi yeyote mwenye mpira wa maji wa kupimia usawa anaweza kulipima hili asubuhi moja. Weka alama kila mita mbili kuzunguka tangi, linganisha urefu wa meno, kisha legeza boliti za bamba lenye meno na ulipandishe au ulishushe hadi tofauti isizidi milimita 2 au 3. Matundu ya boliti yakiwa ya duara, yapanue yawe marefu wima ili marekebisho yajayo yawe mepesi. Sugua mwani kwenye meno, maana jino lililoziba ni sawa na jino lililopanda.

"Tope likielea, ni mafuta."

Jaza chombo cha lita moja kwa maji ya bwawa la hewa na ukiache. Tope likitua vizuri, kisha baada ya saa moja au mbili likapanda kama mkate uliochachuka, na ukilikoroga viputo vinatoka na linazama tena, hiyo ni gesi ya naitrojeni. Kwenye majitaka yenye nyuzijoto 25 na kuendelea, bakteria hawachelewi kuitengeneza. Dawa ni kulitoa tope mapema: angalia kama mkono wa kukwangua unafika sakafuni na kama valvu ya kutolea tope haijaziba.

Lisipotua kabisa, ni ugonjwa mwingine. Baada ya dakika 30 soma ujazo wa tope. Likisimama mililita 750 na mchanganyiko ukiwa na gramu 3 za yabisi kwa lita, kila gramu inachukua mililita 250. Ukivuka 150, shuku bakteria wa nyuzinyuzi, na anza kwa kupima oksijeni kwenye bwawa la hewa.

"Vibamba vya mshazari vitamaliza kila kitu."

Vinasaidia kweli kwenye tangi la kwanza, lile lililo kabla ya bwawa la hewa. Vibamba 40 vya mita 1.2 kwa 2.5, vikilazwa nyuzi 60, vinaongeza mita za mraba 60 za kutulia. Lakini bila chujio na mtego wa mafuta mbele yake, shahamu na magamba kutoka viwanda vya sangara hugandamana katikati yake. Weka njia ya kushusha maji na kuvipiga kwa mpira wa presha. Kwa tope la nyuzinyuzi, usivinunue.

"Ongeza shabu."

Gramu 100 kwa kila mita ya ujazo, kwa mtiririko ule wa 6,000, ni kilo 600 kwa siku: mifuko 12 ya kilo 50. Kila miligramu ya shabu inakula karibu nusu miligramu ya alkalini, yaani uwezo wa maji kuzima asidi, na maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana alkalini kidogo, tangu yanapovutwa. Alkalini ikiisha, maji yanakuwa na asidi na mabonge hayaungani. Tope nalo linaongezeka, na lazima lipate pa kwenda. Jaribu dozi tano au sita kwenye vyombo vya lita moja kabla ya kuagiza hata mfuko mmoja.

"Mabwawa yanajisafisha yenyewe."

Hapana. Kwenye mtambo wa mabwawa yanayofuatana, bwawa la kwanza, lisilo na hewa, hukusanya karibu mita za ujazo 0.04 za tope kwa mtu kwa mwaka. Watu 20,000 ni mita za ujazo 800 kila mwaka. Tope likifika theluthi ya bwawa, litoe.

Kupima ni rahisi. Funga taulo jeupe kwenye theluthi ya chini ya mti mnyofu. Kutoka kwenye boti, ukiwa na mwenzako na nyote mmevaa maboya, ushushe wima taratibu hadi sakafuni, hesabu hadi kumi, uvute polepole. Tope linanasa kwenye nyuzi za taulo na kuacha mstari mweusi unaopimika kwa futi kamba. Rudia sehemu nyingi, hasa karibu na bomba la kuingizia, ambako rundo huwa kubwa.

Rangi ya kijani kwenye mabwawa ya mwisho ni mwani, na si dalili kwamba majitaka hayajatibiwa. Tangi la kutuamisha halitaukamata, kwa kuwa mwingi unaelea. Ili usiupeleke mbele, kwenye bwawa la kati tolea maji kutoka sentimita 60 chini ya uso, nyuma ya ubao wa kuzuia povu.

Kazi ya kutoa tope ipange Juni hadi Agosti, kiangazi. Mwaga kwenye vitanda vya kukaushia unene wa sentimita 20 hadi 30. Ukimwaga 50, juu patakauka na kupasuka huku chini pakibaki uji, na vuli itakukuta hujaondoa hata toroli moja.