Kwa nini kanisa la Nyamata halikurudi kuwa nyumba ya ibada?

Kilomita takriban 30 kusini mwa Kigali, katika wilaya ya Bugesera nchini Rwanda, lipo kanisa Katoliki la Nyamata, ambamo maelfu ya Watutsi waliokimbilia usalama waliuawa mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari. Leo ni mahali pa ukumbusho wa taifa: nguo za waliouawa zimelundikwa juu ya mabenchi, na kitambaa cha altare kimeachwa na madoa yake ya damu. Lakini katika parokia ya Sainte-Famille, mjini Kigali, ambako pia watu waliuawa, misa inaadhimishwa hadi sasa. Kwa nini basi Nyamata isiwe vivyo hivyo?

Huenda mtu akadhani kwamba damu iliyomwagwa hulifuta kanisa moja kwa moja. Sivyo. Kanuni ya 1211 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 husema kwamba mahali patakatifu palipotendwa uovu mzito hapafanyiwi ibada mpaka madhara hayo yarekebishwe kwa ibada ya toba. Unajisi, kwa hiyo, una dawa. Ugumu unaanzia kwenye mabaki ya wafu, ambayo Nyamata yamehifadhiwa papo hapo yawe ushahidi, ilhali kanuni ya 1242 inakataza maiti kuzikwa kanisani, isipokuwa Papa, makardinali na maaskofu katika makanisa yao wenyewe.

Msomaji makini atauliza: je, Wakristo wa kwanza hawakusali kwenye makaburi ya mashahidi wa imani, na si altare nyingi zina masalia yao hata leo? Ni kweli, na kwa maoni yangu hili ndilo swali zito kuliko yote. Shahidi, kwa mafundisho ya Kanisa, ni aliyeuawa kwa chuki dhidi ya imani. Wa Nyamata waliuawa kwa sababu walikuwa Watutsi, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa kama wao. Mifupa hiyo haiwezi kugeuzwa fahari ya Kanisa bila kwanza kuwa shtaka dhidi ya waamini wake, na toba inayotajwa na kanuni ya 1211 haitimizwi kwa maji ya baraka peke yake. Mwezi Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki mauaji hayo, na Papa Fransisko akafanya hivyo mwezi Machi 2017.