Kurland, utemi mdogo uliotaka makoloni

Kile kisiwa cha Kunta Kinteh kwenye mto Gambia watu wengi wanadhani ngome yake ya kwanza ilijengwa na Waingereza. Wapi bana, ni watu wa Kurland, utemi wa Kilutheri uliokua magharibi mwa Latvia ya leo, walifika 1651.

Utemi wenyewe ulianza 1561. Gotthard Kettler alikua mkuu wa mwisho wa watawa wapiganaji wa Livonia (eneo la Latvia na Estonia za leo), Mrusi anamkaba kila upande, akaona isiwe tabu, akaachana na utawa, akawa Mlutheri na kujiweka chini ya mfalme wa Poland (Mkatoliki huyo!) kwa sharti dini yao isiguswe, halafu ardhi ikawa ya ukoo wake. Akaoa. 1567 ikaamuliwa yajengwe makanisa 70.

Mimi napenda zaidi habari za mjukuu wake, Jacob, aliyeshika utawala 1642. Huyu alikua mfanyabiashara haswa, pale Windau (siku hizi Ventspils) meli zinaundwa, zingine zake zingine anauzia mataifa makubwa, viwanda vya chuma, mizinga, vitambaa vya matanga, na 1654 akapeleka familia 80 kisiwa cha Tobago, kule Karibiani, ndo maana mpaka leo kule kuna Great Courland Bay (Courland ndo Kurland kwa Kiingereza).

Sasa zile post za kumsifia eti katemi kadogo kalikotikisa dunia huwa zinanikera kidogo, maana mbao na mazao yote yale yalitoka kwenye jasho la wakulima wa Kilatvia waliofungwa kwenye mashamba ya mabwana wanaoongea Kijerumani, na mabwana haohao ndo walimbana mtemi asiwe na jeshi la maana. Yeye kinga yake ilikua makaratasi ya kutofungamana na upande wowote. 1658 Waswidi wakaivamia ngome ya Mitau, mji mkuu wake (siku hizi Jelgava), kwa kushtukiza wakambeba yeye na familia, wakamshikilia mpaka 1660. Karakana zikaharibiwa, Tobago Waholanzi wakachukua 1659, Gambia Waingereza 1661.

Alirudi akajaribu tena lakini wapi. Ukoo wa Kettler ukaisha 1737, Urusi ikameza utemi wote 1795, na wale wakulima wakaja kuachiwa huru 1817, tena bila ardhi.