Acheni kuwageuza maharusi waangalie jua

Jumamosi nilikuwa na harusi hapa Moshi, tumetoka kanisani saa saba kasoro, nimewapanga maharusi bustanini, wasimamizi wamenyooka, mimi nimepiga goti na lenzi yangu ya 85, mara nasikia sauti nyuma: "We mpiga picha, mbona jua umeliweka mgongoni kwao? Wageuze waangalie jua bwana!" Baba mdogo wa bibi harusi. Nikamwambia shikamoo baba mdogo, subiri kidogo nimalizie hii. Wapi. Akaja akawageuza mwenyewe. Wote wakakunja sura kama wamelamba ndimu, bibi harusi machozi yakaanza kuchora mistari kwenye poda. Nikapiga sita za heshima, zote ziko kwenye foda ya kufuta.

Hii kitu nshaisikia kila wikiendi, sa leo naandika.

Kwanza baba mdogo hajaitunga. Enzi za filamu kamera nyingi za mtaani hazikuwa hata na mita ya kupima mwanga, unaweka tundu la lenzi f/16, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/125 ya sekunde, filamu ya ASA 100 (wepesi wa filamu kunasa mwanga), jua liwe mgongoni kwa mpigaji, basi picha inatoka. Una picha 36 tu na kusafisha ni hela, kwa hiyo bora mtu akunje sura kuliko filamu ipotee bure. Kwa wakati wake ilikuwa akili kabisa.

Ila hata jua lenyewe hawaliangalii. Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na karibu na katikati ya mwezi wa tatu na mwanzoni mwa wa kumi, saa sita na nusu mchana jua liko utosini kabisa. Sa "waangalie jua" waangalie wapi, juu kama kuku anayekunywa maji? Macho yanakuwa mashimo, pua inamwaga kivuli mdomoni, paji la uso linang'aa kama sufuria jipya.

Kinachoniudhi zaidi ni huu ushahidi wao. Mtu anakuambia "mi nilishajaribu kuweka jua nyuma yao, nyuso zikawa giza". Sawa, zilikuwa giza, lakini jua halina kosa hapo, ni kamera yako imehesabu vibaya na wewe umeiachia. Mita haijui harusi wala haijui shangazi, inachojua ni wastani, inataka fremu nzima ikaribie kijivu cha kati. Sa umeweka anga linawaka nyuma, gauni jeupe katikati, inaona mwanga umezidi, inashusha kila kitu, na uso ndo unaolipa. Halafu watu wanasema eti kamera haipendi weusi! Pandisha ile ya plas na mainas, ya kuongeza na kupunguza mwanga wa picha, anza na plas 1, uso ukiwa bado giza nenda mpaka 1 na nusu. Kwenye simu gusa uso kwenye skrini, alafu vuta kale kajua juu. Nyuma patapauka, paache papauke, hakuna aliyekulipa upige anga. Na ukiwasimamisha karibu na ukuta mweupe au lami yenye jua mbele yao, mwanga unarudi usoni bure, mimi huwa natembea na shuka jeupe kwenye begi na kumpa mtoto yeyote alishike.

Sitawadanganya lakini, bwana harusi mweusi tii na suti nyeusi, bibi harusi maji ya kunde na gauni la lesi, wamekumbatiana, mpaka leo hapo nabahatisha. Nikimfuata bwana harusi, lesi inaungua, inabaki nyeupe tupu, nikiilinda lesi, bwana harusi anapotea gizani. Napiga RAW, yani faili ghafi la kamera, nachungulia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, navuta vivuli nyumbani, na bado kuna siku sijui kama nimetengeneza rangi ya ngozi yake au rangi ninayoipenda mimi. Flashi inasaidia, ila mara nyingine inawafanya waonekane wamebandikwa.

Mengine haraka haraka. Mlima Kilimanjaro, amka mapema, jua likichomoza tu linaupiga ubavuni kutoka mashariki na mikunjo yote inaonekana, saa nne mara nyingi wingu limeshaufunika. Maporomoko ya maji ya Materuni, hapa Moshi, nenda siku ya mawingu, tripodi, shata ya robo sekunde au zaidi, na kitambaa maana lenzi italowa. Ukipiga watoto, chuchumaa. Ukumbini usiku kupandisha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 3200 haiumi mtu, ila usirushe flashi juu kwenye vitambaa vya zambarau, yani kamati nzima itatoka kama imechovywa kwenye wino, uliza mimi.

Sa kuna picha moja ambayo baba mdogo akinikuta naomba asinisemeshe. Ile ya ukoo mzima, watu arobaini na bibi kwenye kiti, hakuna mti, hakuna ukuta, shuka langu litamfunika nani. Hapo na mimi nawageuza waangalie jua. Nawaambia wote wafumbe macho, nahesabu moja, mbili, tatu, fumbueni, nabonyeza hapohapo kabla hawajakunja sura. Katika kumi napata mbili, na kwenye hizo mbili lazima kuna mjomba mmoja bado kafumba.